Huduma ya mipaka mipya ya shule za umma: ramani safi kabisa, ila haikwambii mtoto anaishia wapi

Nimeitumia hii huduma tangu walipotangaza kwamba wanachora upya mipaka ya shule za umma za mji mzima. Nimekaa na ramani yao, nimejaza fomu ya maoni, nimeenda mikutanoni, nimepiga simu dawati la msaada, kwa hiyo naandika kama mzazi aliyeitumia kweli, sio aliyesimuliwa. Nyota 3 kati ya 5. Ingekuwa ramani peke yake ningetoa 5 bila kufikiria, ila huduma ni zaidi ya ramani, na kile kitu mzazi anachokihitaji kuliko vyote wamekiweka mahali ambapo wengi hawatafika.

Nianze na kizuri maana kipo na kinastahili kusemwa. Kwenye ramani ya mtandaoni unaandika mtaa na namba ya nyumba, inakuletea shule uliyopangiwa sasa hivi na ile utakayopangiwa mpango ukipita, zote mbili kwa pamoja, na mstari wa zamani unabaki kwa rangi ya kijivu ili uone kilichohama. Umbali wanaupima kwa njia anayotembea mtoto, hawapigi rula juu ya karatasi, na hilo ni jambo kubwa sana kwa sababu shule inaweza kuonekana iko jirani kabisa kumbe katikati kuna reli au barabara kuu ambayo mtoto wa miaka 7 huwezi kumwachia avuke peke yake. Kwetu walikuwa wamehesabu kivuko cha reli ambacho kilishafungwa, nikaandika kwenye fomu nikaambatanisha picha, na toleo la ramani lililofuata kivuko kilikuwa kimeondolewa na umbali umebadilika. Hapo wapewe maua yao. Ofisi nyingi unaandika weee mpaka unachoka na hakuna kinachobadilika, hawa walisoma.

Kwenye simu inafunguka taratibu na ukikuza sana majina ya mitaa yanapotea, lakini ukivumilia inafanya kazi. Halafu kuna kitufe cha kuonyesha kila shule imejaa kiasi gani, nyekundu zimefurika na bluu zina nafasi, na ukikitazama hicho kwa dakika chache tu unaelewa kwa nini wanachora upya, upande mmoja wa mji watoto wanasomea kwenye vyumba vya muda uwanjani na upande mwingine kuna madarasa yamefungwa kufuli.

Sasa tatizo lenyewe. Ukiandika anwani yako ramani inakuonyesha shule ya msingi, basi, inaishia hapo. Na kwenye mji wenye utaratibu wa namna hii shule ya msingi ni mwanzo tu wa safari, maana kila shule ya msingi inapeleka watoto wake kwenye shule fulani ya kati, na hiyo ya kati inapeleka kwenye sekondari fulani. Ukisogeza mstari mmoja huku chini, sehemu yote iliyobaki ya masomo ya mtoto nayo imesogea. Kunionyesha shule ya kwanza bila kunionyesha zinazofuata ni kama kunikatia tiketi ya basi bila kuniambia linaishia kituo gani.

Taarifa ipo jamani, sisemi haipo. Ipo kwenye faili la pdf, kiambatisho cha mwisho kabisa, jedwali lenye majina ya shule kwa vifupisho ambavyo lazima urudi kurasa za mwanzo kujua ni vya nini. Nimekaa nalo, na humo ndimo nilipokuta kwamba shule ya msingi tuliyopangiwa upya itagawanywa, yaani watoto wakimaliza darasa la mwisho wengi wanaenda shule moja ya kati na kikundi kidogo, cha mitaa yetu michache, kinapelekwa kwingine. Wazazi niliowaonyesha hilo jedwali hawakuwa wanajua, na walikuwa wamesharudisha fomu ya maoni wakisema wameridhika, kwa sababu kwenye ramani shule mpya iko karibu zaidi na ina nafasi.

Kwa nini huu mgawanyo unatokea nimekuja kuelewa baadaye na naona bora nieleze maana wengi wanadhani ni chuki ya mtu fulani dhidi ya mtaa fulani. Mara nyingi ni hesabu. Shule moja ya kati ina nafasi za kutosha shule tatu za msingi na nusu, haziingii nne kamili, na zikiingia tatu tu inabaki na viti vitupu, kwa hiyo mchoraji anaikata ya nne katikati na hiyo nusu ndio watoto wako. Wanaofanya kazi hii wanalijua sana, kutokuigawa shule ni moja ya vigezo ambavyo karibu kila mpango wa aina hii huviandika mwanzoni, pamoja na umbali wa kutembea, kujaa kwa shule, gharama za mabasi na kutopasua mtaa mmoja vipande viwili. Shida ni kwamba vigezo hivi vinagombana. Ukitaka kila mtoto atembee, shule nyingine zitafurika. Ukitaka zote zijae sawasawa, kuna watoto watapandishwa basi kupita mbele ya shule iliyo karibu na kwao. Lazima kimoja kishindwe mahali fulani, na mimi ninachotaka kutoka kwenye huduma ya umma ni waseme waziwazi kwenye mtaa wetu kilichoshindwa ni kipi na kwa sababu gani. Hilo halimo popote, sio kwenye ramani, sio kwenye pdf.

Na msidhani kugawanywa ni suala la marafiki tu, ingawa marafiki nao ni kitu, mtoto wa miaka 11 au 12 anaingia shule mpya kubwa akiwa na wenzake wanne anaowafahamu wakati wengine wameingia mia, hilo linamkaa. Kuna mengine mazito zaidi. Walimu wa msingi na walimu wa shule ya kati wanapokea watoto walewale kila mwaka basi wanazoeana, wanajua nani anahitaji msaada wa kusoma, nani ana mpango maalumu, ile kazi ya kupokezana inakuwa nyepesi, lakini kikundi kidogo kinachopelekwa kwingine kinafika kwa walimu ambao hawajawahi hata kuongea na shule kilikotoka. Kama mtoto yuko kwenye masomo ya lugha mbili na shule inayofuata haina hiyo programu, miaka yake yote inaishia hewani. Haya ndiyo ningetaka kuyaona nikibonyeza nyumba yangu kwenye ramani.

Washington, mji mkuu wa Marekani, ni mfano mzuri wa jinsi hili jambo lilivyo moyo wa mabishano yote. Walipofanya mapitio makubwa yaliyoishia 2014, ya kwanza ya mji mzima baada ya zaidi ya miaka 40, hawakujifanya kwamba ni mipaka tu, kazi yenyewe waliipa jina lililotaja mipaka pamoja na upangaji wa wanafunzi shuleni. Na ugomvi mkali ulikuwa hukohuko juu, nani anabaki na haki ya kwenda shule ya kati ya Deal na baadaye sekondari ya Wilson, ambayo tangu 2022 inaitwa Jackson-Reed. Mtaa kama Crestwood ulitolewa kwenye njia hiyo na wakazi wake walipiga kelele kweli. Mwanzoni kulikuwa na mapendekezo ya kutumia bahati nasibu kwenye baadhi ya ngazi badala ya shule ya anwani, wazazi wakayakataa, yakaondolewa, na mpango ambao meya Vincent Gray aliuidhinisha Agosti 2014 ukabaki na kanuni kwamba kila anwani ina shule yake ya uhakika kwa kila ngazi. Huwezi kukubaliana na kila walichofanya, ila mzazi wa kule aliweza kubishana kuhusu njia nzima kwa sababu njia nzima iliwekwa mezani. Hicho ndicho kipimo ambacho huduma yetu inapaswa kupimwa nacho.

Kitu cha pili kilichowanyima nyota ni kanuni za mpito. Mstari ukihama, aliyekwisha kuanza inakuwaje? Anabaki alipo mpaka amalize, au anahamishwa? Mdogo wake ambaye hajaanza, anamfuata au anaenda shule mpya, na mama anawapeleka wawili sehemu mbili tofauti saa ileile ya asubuhi? Na akiruhusiwa kubaki, basi la shule litaendelea kumfuata au usafiri unakuwa juu ya mzazi? Hili la basi ndilo linaloamua nani anabaki kweli, kwa sababu ukiniambia nina haki ya kubaki lakini basi hakuna, haki hiyo ni ya mwenye gari, asiye na gari ameshahamishwa, ila tu haijaandikwa hivyo. Nimeuliza dawati la msaada, dada aliyepokea simu alikuwa mpole na mkweli, akasema kanuni za mpito zitapangwa baada ya mipaka kupitishwa. Namshukuru kwa ukweli wake lakini mpangilio wenyewe umekaa kinyume. Unanitaka nitoe maoni juu ya mstari ambao sijui utamgusa mwanangu au utamgusa mtoto wa jirani atakayeanza miaka mitatu ijayo, maana yake maoni yangu hayana mahali pa kusimama. Kuna familia zinapinga kwa nguvu zote mpango ambao huenda hautawagusa kabisa, na nyingine zimetulia wakati ndio wataguswa.

Kuhusu takwimu, wameweka makadirio ya wanafunzi kwa miaka inayokuja na hili nawapongeza, ila wameweka jumla peke yake. Makadirio haya kwa kawaida yanafanywa hivi, wanachukua idadi ya watoto waliozaliwa, wanaangalia miaka iliyopita ni wangapi kati yao walifika darasa la mwanzo, halafu kutoka darasa moja kwenda linalofuata wanabaki wangapi, wanaipata ile uwiano na kuisogeza mbele mwaka kwa mwaka. Njia nzuri tu pale ambapo mtaa haubadiliki. Pakijengwa maghorofa mapya, au kodi zikapanda familia changa zikahama, uwiano wa zamani unakudanganya. Kwa hiyo makadirio ya mwaka kesho unaweza kuyaamini, ya miaka kumi mbele ni ya kushika kwa tahadhari, na ya mtaa mmoja mdogo yanayumba kuliko ya mji mzima. Kwenye mkutano waliulizwa kama nyumba mpya zinazojengwa zimo ndani ya hesabu, mtaalamu akajibu vizuri na kwa utulivu kwamba zimo zile zilizopata kibali tu. Jibu zuri, lakini kwa nini liwe la waliofika ukumbini usiku ule? Liandikwe chini ya jedwali kila mtu alione.

Na hii ya "shule imejaa" na "shule haijajaa" inahitaji kuangaliwa kwa macho mawili kwa sababu inategemea umehesabu chumba kuwa na watoto wangapi. Chicago, Marekani, 2013 bodi ya shule za umma ilipiga kura kufunga shule 50 kwa mkupuo, sababu kubwa iliyotolewa ikiwa ni shule kuwa na nafasi nyingi tupu, na moja ya lawama nzito ilikuwa kwamba fomula yenyewe haikuzingatia ipasavyo madarasa ya watoto wenye mahitaji maalumu, ambayo kwa haki kabisa yanakuwa na watoto wachache. Chumba chenye watoto wachache wanaohudumiwa vizuri kikaonekana kwenye karatasi ni chumba kinachopotea bure. Kwenye ramani ya kwetu shule iliyopakwa bluu kabisa ndiyo yenye vitengo vya aina hiyo, nimeiuliza hiyo kwenye fomu na bado sijapata jibu. Wasije wakaona bluu wakafikiri ni shule ya kufunga.

Mikutano. Waliipanga vizuri kuliko nilivyotarajia, meza ndogondogo, kila meza ina ramani iliyochapishwa kubwa na mtu wa kuelezea, unachora kwa kalamu unapotaka mstari upite, wakalimani wapo. Ni bora mara mia kuliko mtu mmoja kushika maiki saa nzima. Lakini saa waliyochagua iliwafaa wenye kazi za ofisini, wa zamu hawakuwepo, na ukumbi ulijaa watu wa mitaa ileile miwili ambayo nyumba zake ni za bei ya juu. Na hii haishangazi. Mchumi Sandra Black alionyesha 1999, akilinganisha nyumba zilizo pande mbili za mpaka wa shule kwenye vitongoji vya jimbo la Massachusetts, Marekani, kwamba wazazi walikuwa tayari kulipa karibu asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba pale matokeo ya mitihani ya shule yalipokuwa juu kwa asilimia 5. Mtaa uleule, nyumba zinazofanana, tofauti ni mstari. Kwa hiyo mwenye nyumba anakuja mkutanoni akiwa na watoto na akiwa na thamani ya nyumba yake, ana sababu mbili za kupanga ratiba afike, na mpangaji wa chumba kimoja ana moja tu na bosi hajampa ruhusa. Huduma isihesabu sauti za ukumbini kama vile ndio mji. Fomu ya mtandaoni inaomba anwani, basi watumie hizo anwani waone mitaa gani haijasema kitu kabisa halafu waifuate huko iliko, shuleni saa ya kuchukua watoto, kwenye nyumba za ibada, vituo vya basi.

Ukurasa wa kwanza wa mpango unasema lengo mojawapo ni usawa, shule zisiwe za maskini watupu huku na za wenye nacho watupu kule. Nimelipenda sana hilo na nataka walishike kwelikweli, ndio maana nalalamika kwamba hakuna jedwali la kabla na baada. Tuonyeshwe kila shule sasa hivi ina sehemu gani ya watoto wa familia za kipato kidogo na ikishachorwa upya itakuwa na sehemu gani. Bila hilo hatujui kama mistari imesogea kuelekea usawa au imezunguka tu.

Na njia zipo, sio ndoto. Paris tangu 2017 wamejaribu kwenye wilaya za 18 na 19 kuunganisha maeneo ya shule mbili za kati zilizo jirani lakini zilizotofautiana sana kwa hali ya familia, yakawa eneo moja, na sehemu nyingine wakafanya zamu, mwaka huu watoto wote wa maeneo yote mawili wanaingia shule moja, mwaka unaofuata wote wanaingia ya pili, kwa hiyo hakuna kundi la umri mmoja lililogawanywa kwa mtaa. Brighton kule Uingereza 2008 walianza kutumia bahati nasibu ndani ya eneo la shule pale waombaji wanapozidi nafasi, ili kununua nyumba mlangoni mwa shule kusikupe uhakika. Marekani mahakama ya juu kabisa 2007 ilizuia miji ya Seattle na Louisville kumpangia mtoto mmojammoja shule kwa kuangalia rangi yake, lakini jaji Anthony Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, aliandika kwamba kuchora maeneo ya shule kwa kuzingatia hali ya jumla ya mitaa kunaruhusiwa. Yaani ule mstari wenyewe ndio chombo kilichobaki mkononi, na anayeuchora ameshika kitu kizito. Kuna pia mpaka ambao hakuna ramani ya shule inaweza kuuvuka, ule wa mji wenyewe, hukohuko Marekani kesi ya Detroit ya 1974 iliamua kwamba vitongoji vya nje haviwezi kulazimishwa kuingia kwenye mpango wa mji bila kuthibitika kwamba navyo vilihusika kwenye ubaguzi. Ukiisukuma familia ihame nje ya mji, umeshaipoteza.

Dawati la msaada nalipa nyota zake zote, simu inapokelewa, barua pepe inajibiwa ndani ya muda unaoeleweka, na mtu wa upande wa pili anaijua ramani. Fomu ya maoni ina kisanduku kidogo mno na inafuta ulichoandika ukirudi nyuma, kwa hiyo andika kwanza pembeni halafu unakili.

Kwa wazazi ambao hawajatuma bado, dirisha la maoni liko wazi mpaka kabla ya kura ya bodi. Usiishie kwenye ramani, fungua pdf, nenda kiambatisho cha mwisho, tafuta kifupisho cha shule yako mpya ufuate mstari wake mpaka sekondari, uone kama kuna alama ya nyota pembeni, hiyo nyota maana yake shule inagawanywa. Halafu kwenye fomu taja mtaa, darasa alilopo mtoto sasa, kama ana mdogo wake anayefuata, na kama mnategemea basi. Maoni ya "sipendi mpango huu" nimeyaona kwenye muhtasari wao yamewekwa pamoja kama idadi tu, lakini yaliyotaja mahali na shida mahususi yamejibiwa moja moja, kile kivuko cha reli ni mfano. Mimi nimeomba mambo mawili, jedwali la shule ipi inapeleka wapi liunganishwe na ramani, na kanuni za mpito zitolewe walau rasimu yake kabla ya kura. La kwanza wamejibu kwamba linafanyiwa kazi, la pili bado kimya, na likijibiwa nitarudi kurekebisha hizi nyota.